Wanafunzi na Usafi wa Mitaa Yetu: Habari za Kujitolea Katika Dodoma

Natumaini mmekaa vizuri, taa inaangaza, na kila mmoja ana kalamu yake. Kiongozi wa kikundi, tafadhali wasogeze mbele wale wasiosikia vizuri.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho. Vijana wa shule au wa chuo wanafika mtaani asubuhi ya Jumamosi. Wana mafagio, makoleo na reki. Wanafagia soko, wanazibua mifereji, wanachimba mashimo ya kupandia miti, na saa sita mchana wanarudi kwao. Mtaa unapendeza. Je, desturi hii ilitoka wapi? Na kwa nini mahali pengine kazi yao inadumu, na mahali pengine uchafu unarudi kabla ya Jumatano?

Kwanza andikeni neno hili ubaoni: KUJITOLEA. Lisomeni kwa sauti. Ndani yake mna neno dogo, TOA. Mtu aweza kutoa fedha, aweza kutoa ng'ombe. Lakini mtu akijitolea, anachotoa ni nafsi yake, yaani nguvu zake na saa zake. Sasa andikeni kando yake neno la pili: LAZIMA. Katika historia ya usafi na ya utunzaji wa ardhi hapa kwetu, maneno haya mawili yametembea pamoja kama watu wawili wasiopatana. Mara nyingi watu walisema la kwanza, wakatenda la pili.

Nchi ya Dodoma mnaijua kuliko mimi. Ni uwanda mkavu wa juu. Mvua yake ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu zimefungwa, upepo unavuma, vumbi linatembea. Katika nchi hiyo Wagogo walijenga tembe, nyumba ya ukuta wa miti na udongo, yenye paa bapa la udongo. Kufagia uwanja wa tembe ilikuwa kazi ya kila siku, wala hakuna aliyengoja kuambiwa. Na kazi iliyomshinda mtu mmoja, kama vile kulima shamba kubwa, watu walialikana. Mwenye shamba alipika pombe, majirani wakaja na majembe yao. Tusiidharau pombe hiyo. Aliyekuja kulima leo alijua kwamba kesho yeye naye ataalika. Hakulazimishwa na askari. Alifungwa na heshima yake mbele ya jirani.

Wakati wa utawala wa kigeni kazi ya pamoja ilibadilika sura. Wajerumani walifikisha reli Dodoma mwaka 1910, na baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakashika nchi. Huko Kondoa udongo ulikuwa umeliwa na makorongo makubwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliamuru matuta yachimbwe, na watu pamoja na mifugo wakaondolewa katika baadhi ya vilima. Kuokoa udongo si jambo baya. Lakini amri ilishuka kutoka juu, mkulima asiulizwe neno. Katika milima ya Uluguru, mwaka 1955, amri ya namna hiyo ya kuchimba matuta ilileta ghasia, na serikali ikaiacha. Watu hawakuchukia udongo wao. Walichukia kuamriwa juu ya udongo wao.

Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mara ukaja wito wa kujenga taifa, na watu waliitika kwa wingi. Vijiji vilichimba visima, vikakata barabara, vikajenga madarasa kwa mikono yao. Lakini wanafunzi je? Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana hapa ndipo mzizi wa habari yetu.

Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, wote wakisoma sheria. Fedha za kuwasomesha vijana wale, na wale waliowafuata, zilitoka katika kodi. Na kodi ilitoka kwa nani? Kwa mkulima wa mtama wa Bahi, kwa mfugaji wa Mpwapwa, kwa mvuvi, kwa mchukuzi wa reli. Mwalimu Nyerere alipenda kutoa mfano wa kijiji chenye njaa kilichompa kijana mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Kijana yule asiporudi, alisema Mwalimu, ni msaliti.

Mwaka 1966 serikali ilitaka wahitimu wa chuo kikuu na wa kidato cha sita waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi hawakukubali. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mpaka Ikulu. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika sana, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni.

Mtu aweza kuuliza: nani alikuwa na haki? Jadilianeni ninyi wenyewe. Mimi naona kwamba Mwalimu alikuwa na haki juu ya deni, na wanafunzi walikuwa na neno moja la kusikilizwa: walisema wanalazimishwa kufanya jambo ambalo lilipaswa kutoka moyoni. Maneno yetu mawili yale, KUJITOLEA na LAZIMA, yaligongana mlangoni pa Ikulu.

Miezi michache baadaye, Machi 1967, Mwalimu alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Alitaka wanafunzi wafanye wenyewe kazi za usafi na za bustani ambazo shule nyingine zilikuwa zikilipa watu kuzifanya. Na alisema neno ambalo lilisahauliwa upesi kuliko yote: wanafunzi washirikishwe katika kuamua juu ya kazi hiyo na juu ya mapato yake. Wasiwe vibarua wa mwalimu.

Mambo yalikwendaje? Shule nyingi zilipata mashamba, bustani na miti. Majengo yaliyozungukwa na vumbi yakapata kivuli. Lakini shule nyingine zilichukua jembe na kuacha lile neno la kuamua pamoja. Wazazi walinung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto shuleni akalime, kwani kulima angeweza kujifunza nyumbani. Tena mwanafunzi aliyechelewa alipewa ufagio, na aliyepiga kelele alipewa choo akisafishe. Nasema wazi: shule iliyoufanya ufagio kuwa kiboko iliwafundisha watoto kuuchukia usafi. Mtoto aliyeadhibiwa kwa ufagio miaka saba, akishakuwa mtu mzima atautazama kwa macho gani?

Sasa tuje mwaka 1973, kwa maana mwaka huo yalitokea mambo matatu yanayohusu somo letu.

La kwanza ni kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Wazee wenu wanaikumbuka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliwakusanya watu katika vikundi kama hiki chenu. Kwa wiki 12 walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka nje kufanya kazi. Walisoma juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Watu wapatao milioni 2 walihudhuria nchi nzima, wakiongozwa na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Mashimo ya takataka yalichimbwa, nyasi zilifyekwa, maji yaliyotuama yalimwagwa.

Angalieni tofauti yake na ufagio wa Jumamosi. Katika Mtu ni Afya hakuja mgeni kufagia uwanja wako. Ulikaa na jirani zako, mkauliza kwa nini watoto wanaharisha, mkakubaliana, mkachimba. Choo kilikuwa chako tangu siku ya kwanza. Vijana waliomaliza darasa la saba walikuwa na kazi kubwa katika miaka hiyo ya kisomo: wengi waliwafundisha wazee wao kusoma na kuandika. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Katika mtihani wa mwezi Agosti 1975 walibaki 39 katika 100. Kijana anayemsomea bibi yake sentensi juu ya inzi na choo amesafisha mtaa kuliko kijana aliyeufagia mara moja. Ndivyo nionavyo.

La pili, tarehe 1 Oktoba 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mji ule ulikuwa mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 ulikuwa na watu wasiozidi 24,000. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu kuupanga na kuujenga. Mji mkuu katikati ya vumbi wahitaji miti, na miti ikawa kazi ya wengi. Mwarobaini na mijohoro mnayoiona pembeni mwa njia ina wapandaji ambao majina yao hayakuandikwa popote, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi.

La tatu ni mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa kifupi HADO, ulioanza mwaka huo huo kwa msaada wa Sweden. Huko Kondoa walipanda miti na kuchimba makinga maji, lakini mifugo iliendelea kula na kukanyaga. Mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote, zaidi ya 80,000, katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,250. Baada ya miaka michache majani yalirudi, na makorongo mengi yakaanza kufunikwa. Sitawaficha: hapa LAZIMA ilifanya kile ambacho miche ya wanafunzi isingeweza kufanya. Lakini wenye ng'ombe waliumia. Wengine walipeleka mifugo yao mbali kwa ndugu, na watoto wakakosa maziwa. Basi msiseme mwalimu wenu wa redio amewaambia kwamba kujitolea huponya kila kitu. Ng'ombe elfu wakipita juu ya miche mia, hakuna wimbo wa vijana utakaoiokoa.

Kutoka Kondoa twende Kongwa, upande wa mashariki. Huko kulikuwa na maradhi ya macho yaitwayo trakoma. Wengine huita vikope. Kope za mgonjwa hugeuka ndani, zikakwaruza jicho kila anapopepesa, mpaka jicho likapofuka. Tangu miaka ya 1980 Kongwa imekuwa mahali mashuhuri duniani kwa utafiti wa maradhi hayo. Wadudu wake huchukuliwa kwa vidole, kwa nguo, na kwa inzi wanaotua juu ya uso wa mtoto wenye makamasi na tongotongo. Inzi hao huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo choo ni dawa ya macho.

Mwaka 1995 watafiti walitangaza habari za vijiji sita vya Kongwa. Vijiji vyote sita vilipewa dawa. Katika vitatu kati ya hivyo, pamoja na dawa, ilifanyika mikutano ya majirani juu ya kuwanawisha watoto nyuso. Watu walizungumza hasa juu ya maji, kwa sababu mama anayebeba ndoo kichwani mwendo mrefu hawezi kuambiwa tu "nawisha mtoto." Lazima aone kwamba maji kidogo sana yanatosha uso mmoja. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliodumu kuwa na nyuso safi walikuwa na trakoma kali kwa uchache kuliko wenzao. Usafi ule haukuonekana barabarani wala haukupigwa picha. Ulikuwa ni dada mkubwa, pengine mwanafunzi wa darasa la nne, aliyemnawisha mdogo wake kabla ya kwenda shule.

Tuje karibu na siku zetu. Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kuenea mikoani. Rais John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa mwezi mmoja tu, alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015, akaamuru siku hiyo iwe ya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akizoa takataka karibu na soko la samaki la Feri. Kuanzia mwaka 2016 Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi nchi nzima. Jirani zetu wa Rwanda wana desturi ya namna hiyo, waiitayo umuganda.

Dodoma nayo imekua. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka huo huo. Serikali ilihamia, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Katika sensa ya mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 765,000. Watu wengi, takataka nyingi. Vijana wengi, mafagio mengi. Hapo ndipo mnapowaona siku ya Jumamosi, sokoni, stendi, hospitalini.

Ninawaheshimu. Kijana anayeacha kitanda chake alfajiri aende kuzibua mfereji wa watu asiowajua amefanya jambo jema. Lakini nimewatazama pia wanapomaliza. Takataka zimekusanywa chungu moja kando ya njia. Gari la kuzoa halijaitwa. Vijana wamevaa fulana mpya, wamepiga picha, wameondoka. Jioni upepo wa Dodoma unakuja, nanyi mwaujua upepo huo. Asubuhi kila kitu kimerudi mahali pake. Mama muuza nyanya aliyeketi hapo kila siku hakuulizwa kama kuna pipa, wala shimo liko wapi, wala nani hulipwa kulizoa. Yeye ndiye ajuaye kila kitu juu ya uchafu wa soko lile, naye ndiye aliyeambiwa asogee wapate kufagia.

Tazameni mfano mwingine. Kwa miaka mingi vijana waliokota mifuko ya plastiki, ile mifuko ya rambo, kwenye miiba na mitaro. Waliokota leo, kesho imejaa. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa. Haikwisha yote, lakini miiba ilipumua. Kuokota kulikuwa kwema, kuziba chanzo kukawa bora. Vijana wasomi wana uwezo wa kuuliza juu ya chanzo, na hiyo ndiyo sehemu ya kujitolea ambayo ningependa waitumie zaidi: kichwa pamoja na mkono.

Na miti? Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Pwani na Kilimanjaro, siku hiyo masika yameanza. Kwetu mvua ziko karibu kwisha. Mche uliopandwa Dodoma tarehe hiyo utangoja mvua nyingine miezi saba au nane. Wanafunzi nao hufunga shule, na wa chuo hurudi makwao. Nani atamwagilia? Ni ninyi. Kwa hiyo vijana wakija na miche, wakaribisheni, kisha waambieni: leteni mwezi Desemba, mvua ikishalowesha udongo. Waambieni mbuzi wa nani hupita hapo, na wapi pawekwe boma la miiba. Chupa iliyotobolewa tundu dogo, ikafukiwa kando ya mche, hutoa maji polepole na kuokoa ndoo nyingi.

Tena mara nyingine hakuna haja ya kupanda. Tangu mwaka 2018 mashirika mawili, LEAD Foundation na Justdiggit, yamekuwa yakifundisha katika Dodoma njia iitwayo Kisiki Hai. Katika mashamba mengi miti iliyokatwa zamani bado ina mizizi hai chini ya ardhi. Kila mwaka huchipua, na kila mwaka mkulima huikata au mbuzi huila. Mkulima akichagua machipukizi machache yenye nguvu, akayapogoa na kuyalinda, mti hurudi upesi, kwa kuwa mizizi yake ilishafika chini kwenye unyevu. Hauhitaji ndoo ya maji. Wahitaji mtu wa hapo hapo anayeutazama.

Basi, kazi ya wiki hii. Kila kikundi kiende kutazama mti mmoja uliopandwa na wanafunzi katika mtaa au kijiji chenu. Mmoja wenu aandike katika daftari: ni mti gani, ulipandwa mwaka gani, nani aliupanda, na nani huumwagilia. Kama hakuna ajuaye, andikeni hivyo. Mkimwona mwenyekiti wa mtaa njiani, mwulizeni takataka za soko lenu hupelekwa wapi, mwandike jibu lake kama alivyolisema. Na mkiukuta mti unaonekana umekufa, msiung'oe upesi. Kwanza kwangueni gome lake kidogo kwa ukucha, chini karibu na ardhi. Kama ndani ni kijani, uzungushieni miiba, mngoje Desemba.